Uko ndani na huna loya: jinsi ya kufungua kesi ya haki zako mwenyewe

Najua aliye ndani hana simu, na kama anayo hayo ni yake na afande, mimi simo. Kwa hivyo hii naandikia hasa mama, bibi, ndugu, ama yule rafiki mmoja ambaye bado huenda kumuona mtu jela ya Kodiaga kule Kisumu, ama Naivasha, Nakuru, Kakamega, Bungoma ama Kitale, na kila akienda anaulizwa swali lile lile, sasa haya mambo yangu mtanisaidia aje na pesa ya loya hakuna. Mwandikieni kwa karatasi mumpelekee, ama mprinti kwa saiba. Mimi ni paralegali hapa Nakuru na karatasi za wafungwa zinapita mkononi mwangu kila wakati, zingine zimeandikwa na penseli kwa karatasi ya daftari, na niwaambie ukweli, shida yake huwa si mwandiko mbaya wala Kingereza kibovu. Shida ni mtu amejaza kurasa na kurasa za uchungu na hajasema popote ni siku gani, nani alifanya nini, na anataka jaji afanye nini.

Kwanza ujue ni kesi gani

Kufungwa hakukutoi kwa Katiba ya Kenya. Kifungu cha 51 kinasema mtu aliyezuiliwa ama kufungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile tu ambazo haziwezekani kabisa mtu akiwa amefungwa. Kwa hivyo huwezi kudai uachiliwe Jumapili uende soko ya Kibuye, lakini matibabu, chakula, maji, kutopigwa, kuabudu, kuonana na familia, kuandikia korti, hizo bado ni zako. Kifungu cha 25 kinaweka mateso na kutendewa unyama kwa orodha ya vitu ambavyo serikali haiwezi kujitetea navyo hata iwe na sababu gani. Halafu kifungu cha 22 kinasema kila mtu anaweza kwenda kortini haki yake ikivunjwa, ikinyimwa ama ikiwa karibu kuvunjwa, na cha 23 kinaipa Mahakama Kuu nguvu ya kutoa amri, fidia ikiwemo. Hakuna mahali imeandikwa lazima uwe na loya.

Sasa hapa ndo wengi huangukia. Kesi ya haki, ile inaitwa petisheni, si rufaa. Ukiandika juu kabisa "haki yangu ya kusikizwa ilivunjwa" halafu kurasa zote zilizobaki unaongea vile shahidi wa pili alidanganya na vile hakimu hakukuamini, jaji ataona hiyo ni rufaa imevaa koti ya petisheni na ataitupa nje, na atakuwa sawa. Kama hujakata rufaa, kata. Siku ni 14 kutoka hukumu, na kama zimepita unaomba uongezewe muda huku ukieleza ni nini kilikuchelewesha. Karatasi za rufaa ya jinai unampa mkuu wa jela na yeye ndo anazituma kortini, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kifungu cha 351 kinasema hivyo, kwa hivyo asikuambie hiyo si kazi yake.

Kama rufaa zimeisha na sasa kumetokea ushahidi mpya na mzito ambao haukuwepo, hiyo ni kifungu cha 50(6) cha Katiba, unaomba kesi isikizwe upya. Kama kifungo chako kilihesabiwa bila kuangalia ile miaka ulikaa rimandi, hiyo ni kifungu cha 333(2) cha sheria ile ile ya jinai, ni ombi fupi la kurasa mbili tatu, usilichanganye na mambo ya matibabu. Na kama siku zako zimeisha na bado uko ndani, ama umeshikwa na hakuna anayekuonyesha waranti, hiyo ni habeas corpus, yaani kuomba jaji aamuru uletwe kortini waeleze kwa nini wamekushika, kifungu cha 51(2), na hiyo ni ya leo leo, usingoje.

Halafu kuna kesi ya Muruatetu. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba, na kutoka siku hiyo kila mtu ndani akashika kalamu. Julai 2021 korti hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake, si wizi wa mabavu, si kesi za ngono. Na Julai 2024, kwa kesi ya Joshua Gichuki Mwangi, ikasema vile vifungo vya chini kabisa vilivyowekwa na sheria ya makosa ya ngono vinasimama. Kwa hivyo mtu akikuuzia fomati ya Muruatetu huko ndani kwa sukari na sabuni na wewe ulifungwa kwa unajisi, ujue umeuziwa hewa.

Ikibaki sasa ile ya kweli, yaani kuna jambo jela inakufanyia ama inakataa kukufanyia na ni haki yako, basi endelea kusoma.

Acha alama huko ndani kabla hujatoka nje

Marekani wana sheria ya 1996 ambayo inamlazimisha mfungwa amalize malalamiko yote ya ndani ya jela kabla hajaingia kortini, na kesi nyingi sana za wafungwa huko hufia hapo tu. Kwetu hatuna sheria kali namna hiyo kwa wafungwa, lakini loya wa serikali atakuuliza, ulimwambia nani? Na sheria ya mwaka wa 2015 ya uamuzi wa haki wa kiutawala inampa jaji nafasi ya kukurudisha ukamalize njia za ndani kwanza, isipokuwa uonyeshe kuna sababu ya kipekee ya kukuruhusu upite moja kwa moja. Kwa hivyo lalamika kwanza, na ulalamike kwa maandishi.

Nikisema maandishi namaanisha barua mbili zinazofanana, moja ya mkuu wa jela na moja unabaki nayo, tarehe juu, na kama inawezekana anayepokea aweke sahihi ama muhuri kwa ile yako. Akikataa kuweka sahihi, andika chini yake "nimempa afande fulani, namba fulani, saa fulani, amekataa kuweka sahihi". Hiyo tu inatosha. Wapelekee pia visiting justices wakija, hao ni mahakimu na watu wengine ambao sheria ya magereza inawaruhusu kuingia na kusikiza malalamiko. Familia nje nayo iandikie Tume ya Haki za Binadamu, wana ofisi Kisumu na Kitale, ama ofisi ya Ombudsman, ile ya malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. IPOA usiwasumbue kama shida ni ya askari jela, wao ni wa polisi. Lakini kama ulipigwa ukiwa stesheni kabla hujaletwa rimandi, hapo ni kwao kabisa.

Kitu ambacho watu hawatumii na kiko na nguvu ni ile sheria ya kupata habari ya 2016. Unataka rekodi zako za matibabu, ama tarehe ulizopelekwa hospitali, ama hesabu ya siku zako za kutoka? Andika ombi. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama habari yenyewe inahusu uhai ama uhuru wa mtu, ni masaa 48. Wakinyamaza, kunyamaza kwao ni ushahidi wako, unaambatisha lile ombi na unasema hawakujibu.

Sitawadanganya kwamba kulalamika ndani hakuna madhara. Kuna mahali mtu akiandika barua anahamishwa blok kesho yake. Ndo maana nasema kopi moja itoke nje kwa familia mapema, na ikitokea umeadhibiwa kwa sababu ya barua, hiyo inakuwa aya mpya ndani ya petisheni, tena aya nzuri.

Kuandika yenyewe

Kanuni zinazotumika watu huziita Mutunga Rules, ni za 2013, zilipewa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo. Zinataka petisheni iseme jina lako na anwani, ukweli wa mambo, vifungu vya Katiba vilivyovunjwa, umeumia vipi ama utaumia vipi, kama kuna kesi nyingine inayohusiana na hii, na unachoomba. Halafu sahihi yako. Basi. Na hata hiyo ikikushinda, kanuni ya 10 inasema korti inaweza kupokea barua, ama hata maneno ya mdomo ambayo korti yenyewe itayaandika, mradi yanaonyesha haki imevunjwa. Hiyo inatoka kwa Katiba yenyewe, kifungu cha 22(3), kwamba urasimu upunguzwe na korti isifungwe na vijisheria vya utaratibu. Kwa hivyo karani akikuambia hii haijapigwa taipu siwezi kuipokea, mwonyeshe hiyo, kwa heshima lakini.

Ila kupunguziwa urasimu si kupunguziwa kueleza. Kuna kesi ya 1979, Anarita Karimi Njeru, bado inatajwa hadi leo, ilisema mtu anayelilia Katiba lazima aseme kwa uwazi analalamikia nini, ni kifungu gani, na kilivunjwa kwa njia gani. Ukisoma majaji wakitupa petisheni, mara nyingi utakuta hiyo kesi hapo.

Nikupe mfano. Tuseme mtu ana ugonjwa wa sukari na hapewi dawa. Petisheni nyingi huandika hivi:

"Tangu niingie jela hii nimeteswa sana na kunyimwa haki zangu zote za binadamu ikiwemo matibabu na sasa maisha yangu yako hatarini na naomba korti tukufu inihurumie."

Ni ukweli, inauma, lakini jaji hana pa kushika. Serikali itajibu kwa mstari mmoja, ati mlalamishi anatibiwa kama wafungwa wengine wote. Sasa ona hii:

"3. Nina ugonjwa wa sukari tangu kabla nifungwe. Kadi yangu ya kliniki imeambatishwa kama A1.
4. Kuanzia tarehe 3 Machi 2025 hadi tarehe 20 Machi 2025 sikupewa insulini. Kila asubuhi niliuliza kwa zahanati ya jela na nikaambiwa haijaletwa.
5. Tarehe 11 Machi 2025 nilizirai wakati wa hesabu ya asubuhi. Wafungwa wenzangu wawili walionibeba wameandika viapo vyao.
6. Tarehe 12 Machi 2025 nilimwandikia mkuu wa jela. Kopi ni A2. Sijajibiwa mpaka leo."

Hapo serikali haiwezi kujibu kwa mstari mmoja. Lazima ilete rejista ya dawa ya siku hizo, na kama rejista haipo hiyo nayo inaongea. Kila aya jambo moja, kila jambo na tarehe, na kama tarehe kamili huikumbuki andika "katikati ya Machi", usibuni. Ukibuni tarehe moja na rekodi zikuonyeshe siku hiyo ulikuwa kortini, zile zingine zote zinakuwa na harufu.

Ukimaliza ukweli unaleta vifungu, na usivimwage vyote. Nimeona petisheni imetaja kifungu cha 10, 19, 20, 21, 27, 28, kama mtu anasoma namba za lotari. Kwa huyu wa insulini inatosha 28 heshima ya utu, 43(1)(a) afya, 51, na 29 kama hali imefika pa kuitwa unyama. Chini ya kila kimoja sema kilivunjwa na aya ipi. Unaweza pia kuongeza sheria ya 2014 ya watu walionyimwa uhuru, ile Persons Deprived of Liberty Act, hiyo ndo Bunge lilitunga kutimiza kifungu cha 51 na inaongea juu ya afya, chakula, malazi na kushughulikia malalamiko.

Unachoomba sasa. "Haki itendeke" si ombi. Omba kitu ambacho jaji anaweza kukiandika kwa sentensi moja na mkuu wa jela akakifanya kesho: korti itamke kwamba haki yangu ya afya ilivunjwa kati ya tarehe hizi, iamuru nipewe insulini kila siku, iamuru nipelekwe hospitali ya rufaa nikapimwe ndani ya siku saba, iamuru ripoti ya daktari iletwe kortini ndani ya siku 30, na fidia. Kiasi cha fidia mwachie jaji apime, sijui ni nani aliwaambia watu waandike milioni mia mbili.

Na kama hali haiwezi kungoja, weka pamoja na petisheni ombi dogo la amri za muda, chini ya cheti cha dharura. Ni karatasi mbili tatu, moja inaeleza kwa nini ni dharura, nyingine inaomba, kwa mfano, dawa itolewe wakati kesi inaendelea. Hii wengi huisahau na ndo ingewasaidia haraka zaidi, maana petisheni yenyewe inaweza kuchukua miezi mingi sana.

Lugha? Kiswahili na Kingereza zote ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7. Andika ile unaweza kueleza nayo bila kukwama. Majibu ya serikali yatakuja kwa Kingereza, kwa hivyo tafuta mapema nani atakusomea. Kuna wafungwa wenyewe wamesomea hii kazi, Justice Defenders, wale zamani waliitwa African Prisons Project, wamefunza wafungwa na askari jela hapa Kenya na Uganda, wengine mpaka digrii ya sheria ya University of London, na Kituo Cha Sheria nao wamefunza wafungwa kazi ya uparalegali. Uliza kama blok yenu iko na mmoja. Bado uombe msaada wa serikali pia, sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 iko, na kujiwakilisha sasa hakukuzuii kupata loya baadaye.

Unamshtaki nani, na wapi

Si "Jamhuri" na si DPP, yule mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Hao ni wa kesi ya jinai. Hapa unaandika Mwanasheria Mkuu, kwa sababu kesi za kudai serikali hupitia kwake, halafu Kamishna Jenerali wa Magereza, halafu mkuu wa jela yako kwa cheo chake. Afande mmoja mmoja unamtaja kwa jina ndani ya ukweli wa mambo, na unaweza kumweka kama mshtakiwa kama yeye binafsi ndo alikupiga. Lakini usiweke gwaride lote.

Mahali ni Mahakama Kuu iliyo karibu na pale jambo lilitokea. Lilitokea Kodiaga, ni Kisumu. Lilitokea Naivasha, kuna Mahakama Kuu Naivasha, huna haja ya kuhangaika na Milimani, korti ya Nairobi, ati ndo kubwa. Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya, Homa Bay, Kitale, Eldoret, Nakuru zote zina Mahakama Kuu.

Familia, hapa ndo kazi yenu iko. Kifungu cha 22(2) kinaruhusu mtu afungue kesi kwa niaba ya mwingine ambaye hawezi kufanya hivyo kwa jina lake. Kwa hivyo kama kijana ni mgonjwa hawezi kushika kalamu, ama amenyimwa karatasi, mama yake anaweza kufungua kwa jina la mama, aeleze tu kwa nini.

Ada: kifungu cha 22(3)(c) kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya namna hii. Sistimu ya mtandao inaweza bado kukutolea bili, na karani akuambie lipa kwanza. Usibishane dirishani, omba kuonana na naibu msajili, uwe na ombi la kurasa moja la kutolipishwa, mtaje hicho kifungu, na useme uko jela huna kipato.

Kiapo, ile afidaviti, kinafaa kusainiwa mbele ya kamishna wa viapo ama hakimu. Ukiwa ndani ni kizungumkuti. Zungumza na ofisi ya dokumentesheni ya jela yenu wakueleze huwa wanafanya aje, na ukikosa kabisa, tuma petisheni bila kiapo, kanuni zinasema petisheni "inaweza" kuwa na kiapo, halafu siku ya kwanza mbele ya jaji unaomba akuelekeze. Usikae miezi mitatu ukingojea muhuri na insulini hupati.

Kuifaili siku hizi ni kwa mtandao, kwa hivyo iliyoandikwa kwa mkono inaskaniwa. Kama jela yenyewe ndo inatuma, andika tarehe uliyowapa. Kama ni familia, nendeni saiba, mskani kurasa zote zikiwa zimeangalia upande mmoja (naomba sana), mfungue akaunti, na mkikwama mwende rejista ya korti mwaombe wawasaidie. Mkitoka hapo lazima muwe na namba. Namba ya kesi na mwaka. Bila hiyo namba kila barua utakayoandika baadaye itazunguka ofisi za watu mpaka iishe wino, nayo lazima imfikie aliye ndani, aiandike mahali haiwezi kupotea.

Kabla niache hapa, jambo la muda. Kesi ya haki za Katiba haina siku maalum za mwisho, ila ukichelewa miaka jaji atauliza kwa nini, na uwe na jibu. Lakini kama unataka kushtaki serikali kwa kesi ya kawaida ya madai, tuseme uzembe uliokuvunja mguu kwa shamba la jela, sheria inakupa miezi 12 peke yake. Watu wanahesabu miaka mitatu kama ile ya mtu na mtu, wanakuja wamechelewa.

Baada ya kufaili

Washtakiwa lazima wapate nakala ndani ya siku 15. Mwanasheria Mkuu ana ofisi Kisumu na Nakuru, mmoja wa familia apeleke, agongewe muhuri kwa kopi yake, halafu aandike kiapo kifupi kwamba alipeleka siku fulani. Kiapo cha kupeleka nakala ndo huokoa kesi wakati loya wa serikali anasimama kusema "bado hatujapata". Wao wana siku 14 za kujibu.

Jibu likija lisome kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kiti. Mkuu wa jela ataapa kwamba ulitibiwa tarehe fulani, na ameambatisha kitabu. Angalia kitabu. Ni sahihi yako? Siku hiyo ulikuwa wapi? Dawa iliyoandikwa ni insulini ama ni Panadol? Kila palipo na uongo, omba ruhusa ya kuweka kiapo cha nyongeza na ujibu hapo hapo tu, usirudie hadithi kutoka mwanzo.

Siku ya kesi inaweza kuwa kwa skrini kutoka jela ama ukaletwa kortini. Kama unataka kuwa pale mwenyewe, omba korti itoe amri uletwe, watu wanaiita prodakshen, na uiombe mapema kwa maandishi na ile namba ya kesi. Siku za kwanza ni menshen tu, dakika tatu, jaji anauliza karatasi zimefika wapi. Usianze kueleza kesi nzima kwa menshen. Sema: "Mheshimiwa Jaji, nilifaili tarehe fulani, washtakiwa walipata tarehe fulani, siku 14 zimeisha na sijapata majibu, naomba tarehe ya kusikizwa." Ukisema hivyo utaona hata loya wa serikali anainua kichwa. Mara nyingi jaji ataamuru kila upande uandike hoja zake, na hapo kurasa nne zinatosha, ukweli wangu ni huu, Katiba inasema hivi, wao hawakujibu hili na hili, naomba hivi.

Ukihamishwa jela, na hii hutokea sana katikati ya kesi, kesi haikufuati yenyewe. Kesi inabaki Kisumu na wewe uko Naivasha, amri ya kukuleta inaenda Kodiaga, wanajibu hayuko, siku inapita, ikipita mara kadhaa kesi inaweza kufutwa kwa kukosa kuendeshwa. Siku unafika jela mpya, andikia korti barua ya mistari mitano, namba ya kesi, nilikuwa pale, sasa niko hapa, naomba niletwe ama niunganishwe kwa video kutoka hapa. Familia nayo ipeleke kopi rejista. Ukimaliza kifungo ukatoka kesi bado ni yako, wape namba ya simu.

Ukishindwa, gharama ni uamuzi wa jaji, na kwa kesi za haki kanuni zinamtaka aangalie asiwafungie watu mlango wa korti, kwa hivyo isikutie hofu sana. Ukitaka kwenda Mahakama ya Rufaa, ziko Kisumu na Nakuru, notisi ya rufaa ni ndani ya siku 14 na siku hizo zinaanza kuhesabiwa siku ya uamuzi, si siku ulipata kopi. Iandike hata kabla kopi haijafika.

Ukishinda, zile amri za dawa na hospitali unapeleka kopi kwa mkuu wa jela siku hiyo hiyo, na wasipofuata unarudi kwa jaji na ombi la kudharau korti. Pesa ndo ngumu. Huwezi kutuma dalali achukue gari la serikali, sheria haikubali. Unaomba kwa msajili cheti cha amri dhidi ya serikali, unakipeleka kwa Mwanasheria Mkuu na kwa wizara, unangoja, na wakikaa kimya unafungua ombi jingine la mandamus la kumlazimisha katibu wa wizara alipe. Hapo hata mimi huwaambia watu watafute loya kama wanaweza kumpata, maana hiyo hatua ya mwisho inachosha kuliko kesi yenyewe, lakini karatasi zake mbili za kwanza, yaani cheti na barua ya kukipeleka, bado unaweza kuziandika wewe mwenyewe.